Siku Niliyoiuliza Kompyuta Habari za Maji

Programu ile ililetwa shuleni na mwalimu wa fizikia, mtu wa bara, mpole mpaka anakera. Alirudi kutoka likizo Dar es Salaam na kisahani cha CD alichokizungushia gazeti kama mtu aliyebeba vitumbua.

"Mwalimu," akaniambia, "humu ndani kuna anga lote. Jua, sayari na miezi yake, nyota mpaka uchoke. Unaruka kutoka hapa mpaka pale kama ndege. Na ni bure."

Nilimcheka. Miaka ile neno bure lilikuwa limeshatutoka mdomoni. Hospitali tulikuwa tunachangia, shule tunachangia, viwanda vya serikali vinauzwa kimoja kimoja, na pale Kibiti hata ndoo ya maji ilikuwa na bei yake. Halafu mtu anakuja na nyota za bure.

"Bure ya nani?" nikamuuliza.

"Ya walioitengeneza. Wamesema anayetaka achukue."

Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, mtumba wa Ulaya, zawadi ya wageni waliokuja kupiga picha na wanafunzi. Ilikaa kwenye chumba kidogo karibu na stoo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi. Umeme ulitoka kwenye jenereta. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ilipowashwa iliamini kwamba ni tarehe mosi Januari ya mwaka uliokwishapita zamani. Somo la kwanza nililofundishwa na mwenzangu yule lilikuwa hilo: kabla hujagusa kitu, iambie leo ni lini na sasa ni saa ngapi, kwa sababu programu inalipanga anga kwa kufuata saa uliyoipa. Ukiidanganya, nayo itakudanganya bila kupepesa macho.

Siku ya kwanza nilipotea. Programu ilinining'iniza gizani, dunia inazunguka mbele yangu, nikabonyeza nisichokijua, dunia ikakimbia ikawa punje, kisha ikatoweka. Nikatafuta nusu saa nzima, jasho linanitoka, mwenzangu anacheka taratibu pembeni. Siku ya tatu nikajifunza kutua. Unaandika latitudo na longitudo ya mahali unapotaka kusimama, nami nikaandika za Kibiti, karibu nyuzi nane kusini ya ikweta. Kompyuta ilikuwa dhaifu, inakwama kila ikielemewa, kwa hiyo tuliipunguzia mzigo. Tulizima mawingu, tukazima ardhi, tukazima na ile rangi ya buluu ya mchana. Likabaki anga jeusi tupu, liwe la adhuhuri au la usiku wa manane, na ndani yake vitu vinavyong'aa.

Mwenzangu aliipenda Zohali na pete zake. Mimi nilitaka mwezi tu, na sababu yangu ilikuwa mama.

Mama alikuwa akiishi Mbuchi, ndani kabisa ya delta, kule nilikozaliwa. Mbuchi hufiki kwa kutaka. Unafika maji yakitaka. Yakijaa, boti inapita mferejini katikati ya mikoko kama iko nyumbani kwake. Yakipwa, kinabaki tope. Watu wa kule wanayajua maji bila kufikiri, lakini mimi nilitolewa mapema kwenda kusoma, hesabu ile ikanitoka, na kila safari ya kwenda nyumbani ilinilazimu kuulizia maji kwa watu wenye nusu ya umri wangu. Niliona haya. Mwalimu wa jiografia, mtoto wa Mbuchi, anauliza maji!

Kitu kimoja tu nilikikumbuka, kanuni ya mama. Alikuwa akisema mwezi ukivuka utosi ukafika pale linapokaa jua la saa kumi, maji yamejaa. Shida ni kwamba mwezi hauonekani kila saa. Mara umezama, mara umefunikwa na mawingu. Programu haikujali hayo. Niliipa siku na saa, nikageuza kipanya, nauona mwezi ulipo hata kama uko chini ya miguu yangu, kisha nahesabu saa zilizobaki mpaka ufike mahali pa mama.

Mama mwenyewe aliiona. Alikuja Kibiti kutibiwa miguu iliyokuwa ikimvimba, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu.

"Na huu ndio huu huu wa kwetu?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Hakuna mwingine."

"Mbona kama haukupata chakula."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Lakini aliporudi Mbuchi alitangaza kila mlango kwamba mwanawe ana mwezi ofisini na maji hayampiti tena. Na kweli hayakunipita. Karibu mwaka mzima niliiuliza kompyuta kabla ya kila safari, nami nikifika bandarini, zinakoondokea boti za Mbuchi, nakuta maji yananisubiri. Nikaanza kuwaambia manahodha saa ya maji kabla hawajaniambia wao. Kichwa kikanivimba, sina sababu ya kuficha.

Asubuhi yenyewe, dereva wa pikapu ya samaki aligonga mlango wangu jua halijakaa sawa. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa Mtawanya, na alikuwa ametoka bandarini usiku.

"Mwalimu, mama amezidiwa. Dada yako ametuma salamu, anasema uje leo leo, mama anakutaka wewe." Akafuta uso kwa kiganja. "Nashusha samaki hapo sokoni, nusu saa tu, kisha nageuza. Twende wote."

Mtu mwingine yeyote angepanda gari. Mimi nikamwambia anisubiri kidogo nikaangalie maji.

Nilikwenda shuleni mbiombio. Jenereta ilikataa mara mbili, ya tatu ikashika. Kompyuta ikaamka na Januari yake ya zamani, ikaniuliza tarehe na saa. Niandike wazi nilichokifanya. Ilikuwa saa moja asubuhi. Siku zote, saa moja ikifika, niliandika saba, kama sote tunavyosoma saa za mkononi: mshale uko kwenye saba, mdomo unasema moja. Tumezoea tangu utoto, hata hatufikirii. Asubuhi ile akili yangu ilikuwa Mbuchi, kitandani kwa mama, na nilikuwa nikijisemea kwa sauti: saa moja hii, nikiondoka saa moja hii nitafika saa ngapi. Mkono ukafuata mdomo. Nikaandika moja.

Kwa kompyuta ile ikawa ni saa saba ya usiku uliopita. Ikanionyesha mwezi ulivyokuwa saa sita nyuma, ukiwa ndiyo kwanza unachomoza, chini kabisa upande wa mashariki. Kwa anga lile jeusi tulilolichagua wenyewe, hapakuwa na chochote cha kunishtua kwamba mbele yangu ni usiku. Nikahesabu kwa vidole mpaka mahali pa jua la saa kumi. Zimebaki saa tisa, kuanzia saa moja hii. Maji yatajaa saa kumi jioni.

Na saa sita ndizo zinazotenganisha maji kujaa na maji kupwa.

Nilipotoka nje sikutazama juu. Kilikuwapo kipande cha mwezi mweupe, mchana kweupe, umevuka utosi kidogo tu. Najua kwa sababu niliuona kesho yake, mahali pale pale kwa saa ile ile karibu, na mtoto wa darasa la pili angeweza kuniambia ulikuwapo.

"Nenda tu," nikamwambia dereva nilipomfuata sokoni. "Maji sasa hivi yametoka. Yatajaa saa kumi, nitakuja mchana."

Akasitasita. "Mimi mtu wa Mtawanya, mwalimu, mtu wa nchi kavu, maji siyajui. Lakini jana boti zimeingia saa tatu asubuhi."

"Jana ni jana. Unanifundisha maji mimi? Mimi nimezaliwa ndani yake!"

Nilisema kwa ukali, mbele ya watu. Akainua mabega, akawasha gari, akaenda zake. Nimemwona mara nyingi baada ya hapo na hajawahi kunikumbusha, jambo ambalo linaniuma kuliko kama angenikumbusha.

Asubuhi yote iliyobaki nilijiandaa. Nilinunua mkate, sukari, maziwa ya kopo ambayo mama aliyapenda na hakuruhusiwa kunywa. Nilifundisha kipindi kimoja cha kidato cha pili ili kisipotee. Nilipiga shati pasi. Naweza kusahau mengine yote, lakini lile la kusimama na pasi ya mkaa nikinyoosha kola, huku maji yanajaa Mbuchi na kuanza kutoka, sidhani nitalisahau.

Nikapata lori saa sita, nikafika bandarini saa tisa kasoro. Kabla sijashuka nilisikia harufu ya tope. Boti zimelala ubavu, kamba zao zimelegea, na nahodha niliyemjua amekaa juu ya gunia anashona turubai.

"Umepishana nayo, mwalimu," akasema. "Yamejaa saa nne."

"Saa nne?"

"Saa nne. Ndiyo kwanza yanamalizikia kutoka. Na haya maji mafu, hayajai sana, mfereji wa kwenu haupitiki mpaka yajae kabisa. Labda saa nne ya usiku."

Nilimbishia. Nilimwambia haiwezekani, nimepiga hesabu. Alinitazama kwa huruma, akaonyesha tope kwa sindano yake, kana kwamba tope ndilo litakalonijibu. Nikaangalia saa yangu ya mkononi ili nimthibitishie. Mshale mfupi ulikuwa karibu na tatu, na mdomo wangu ukasema tisa. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile moja niliyoiandika. Nikakaa chini.

Kisha nikafanya ujinga mwingine. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope ili niende kwa miguu. Nahodha alipiga kelele. Hatua kama ishirini nikazama mpaka mapajani, kiatu kimoja kilichokuwa mkononi kikaenda, na kadiri nilivyovuta mguu mmoja ndivyo wa pili ulivyoshuka. Walinitupia kamba wakanivuta kama gogo la mkoko. Nililia mbele yao, mtu mzima mwenye mke na watoto, shati la kupigwa pasi limekuwa jeusi. Hakuna aliyecheka. Nahodha aliniletea maji ya kunawa, akakaa karibu yangu mpaka jua likazama na maji yakaanza kurudi, polepole, kama hayana mgonjwa wa kumwona.

Mama alikata roho magharibi ile. Mimi nilifika usiku, nikamkuta ameshafunikwa. Tukamzika asubuhi, na maji yalipojaa watu wa vijiji vya jirani wakaendelea kuingia kwa mitumbwi kuja kutupa pole.

Dada yangu hakuniuliza kitu mpaka siku ya tatu, tulipomaliza hitima na wageni wakapungua. Alikuwa anaosha masinia ya pilau. Alizungumza bila kuniangalia.

"Asubuhi ile alikuwa na nguvu kidogo, kaka. Akasema nimtoe barazani nimwegemeze, atazame maji. Tukakaa mimi naye. Maji yakajaa, boti ikaingia. Akaniuliza, yumo? Nikamwambia hayumo. Nikamwambia labda atakuja baadaye, mambo ya kazi hayo."

Akasugua sinia ambalo lilishatakata.

"Akasema, 'Baadaye aje na nini, na maji ndiyo haya? Yule maji anayajua. Angetaka kuja, angekuja na maji haya.' Kisha akaniambia nimrudishe ndani. Akageukia ukutani. Hakusema tena."

Akanitazama sasa, akingoja. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, ile moja niliyoiandika badala ya saba, na kila nilipolijaribu kichwani lilisikika kama kumcheka mama kaburini kwake. Ningemwambiaje kwamba mama alikuwa na haki ya kuniamini, na kwamba nilikuwa nimesimama na pasi mkononi?

"Shule ilikuwa na mitihani," nikasema.

Dada aliitikia kwa kichwa taratibu, akamwaga maji machafu uani, akarudi akanishika bega kwa mkono wenye povu. Alisema mama hana kinyongo popote alipo, naye pia hana, kazi ni kazi. Alinisamehe siku ile ile, kwa moyo wake wote, kosa ambalo sikulifanya. Lile nililolifanya sijamwambia mpaka leo.