Fundo la Zaidi

Hajira alizaliwa Kang'ata, akaolewa Mpale na Zaidi, mwindaji wa mitego ya waya. Masika moja Zaidi aliingia msituni kukagua mitego yake, asirudi. Wanakijiji walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Waliliona panga lake tu, limeegemezwa kwenye mti kana kwamba mwenyewe amekaa pembeni anapumzika.

Ndugu wa mume walitaka asomewe hitima. Hajira akakataa. "Kwani maiti mmeiona?" aliwauliza.

Akawa anaingia msituni mwenyewe kumtafuta, na kila alipokuta kitanzi alikifungua, maana hakuweza kuvumilia kuwaona paa wakiozea kwenye waya. Wanawake majirani walimhurumia, wakaanza kumsindikiza. Hivyo ndivyo klabu ya kulinda wanyama pale Mpale ilivyoanza; jina na mhuri vilikuja baadaye, mwalimu Dunstan alipojiunga. Miaka ikapita. Paa wakarudi, mbega wakajaa mitini.

Alasiri moja ya ukungu, Hajira na Dunstan walikuta kitanzi kipya. Kijiti kilichopindwa kilikuwa bado kinatoka utomvu. Hajira aliinama kukifungua, akaishia kulishika fundo. Zaidi hakuwa na kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo alifunga waya kinyumenyume, fundo ambalo Hajira alikwisha kulifungua mara nyingi mno. Lilikuwa hilohilo.

"Labda kuna mtu alimfundisha, mama," Dunstan alinong'ona.

"Zaidi? Hakumfundisha mtu. Hata mimi alikuwa ananificha."

Mbega waliokuwa wakinguruma juu yao wakanyamaza wote kwa pamoja. Ndani ya ukungu, karibu kabisa, mtu akakohoa.

Dunstan akamvuta mkono waondoke. Hajira hakusogea.

"Zaidi," aliita, "kama ni wewe, njoo nyumbani. Kama huwezi kuja, basi waache wanyama."

Majani yalitikisika kuelekea bondeni.

Ijumaa iliyofuata hitima ikasomwa. Hajira alipika pilau mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akalia mbele za watu. Tangu hapo klabu haijakuta waya upande ule.

Siku hizi wanachama hawaingii kule mpaka Hajira atangulie. Husimama ukingoni mwa msitu, akapiga hodi, kisha akangoja kidogo, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza huwa anasikia nini.