Mdakaji Asiyekosea

Mdakaji wa pembeni katika timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ana miaka thelathini na mitatu, na hii ni timu yake ya saba. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimepinda kama ndoano, naye huvikanda kila asubuhi huku akisimulia mipira aliyoidaka zamani. Iliyomponyoka haina simulizi. Ina watu wa kulaumiwa tu. Kila unapomponyoka mmoja, humgeukia mwamuzi na kuzungusha mkono hewani, akidai kitambaa cha njano cha faulo kirushwe kwa kuwa beki amemshika. Hata mazoezini, ambako mwamuzi hayupo, mkono huo huzunguka. Na asiporushiwa mpira, humfokea Treadwell, mrushaji wetu: "Sijakabwa, dogo! Huoni?" "Mzee, hata siku ya kukuzika utadai hujakabwa," Treadwell hujibu.

Mwisho wa Agosti, siku ya kupunguza wachezaji, bwana Lindqvist wa ofisini alipita katika vyumba vya kubadilishia nguo akiwagusa bega wanaoachwa. Mdakaji alijitumbukiza katika pipa la barafu, maji yakamfika kidevuni, akakaa humo akijifanya anauguza goti. Lindqvist alivuta kiti, akamsubiri.

"Toka, ndugu yangu, midomo imeshageuka bluu. Kocha anakuita. Njoo na kitabu cha mbinu, ukirudishe."

Mdakaji alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha ule mkono wenye vidole vilivyopinda ukachomoza katikati ya barafu, ukazunguka hewani.