Vyumba Vinne na Shamba la Mama

Nyumba tuliyojenga Nachingwea ilikuwa na vyumba sita: viwili vyetu, na vinne vya watu ambao mume wangu alikuwa hajawaona bado. Wakati huo kazi ya mashamba ya karanga ya Wazungu ilikuwa imepamba moto. Matrekta yanang'oa pori, treni imeshafika, na kila siku watu wanashuka kutafuta kibarua na mahali pa kulaza ubavu. Mume wangu alikuwa seremala kambini. Aliwaona wenzake wamebanana kwenye vibanda vya nyasi, akarudi nyumbani macho yanang'aa.

"Mama watoto," akaniambia, "hawa watu wote ni kodi inayotembea."

Miti na udongo tulikuwa navyo. Mabati na saruji hatukuwa navyo, na mtu mwenye mshahara hakutaka tena kulala chini ya nyasi zinazovuja. Vitu hivyo vilikuwa kwa tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka karibu na stesheni. Tulikwenda wote wawili, maana nilimjua mume wangu: ukimwacha peke yake dukani hurudi na alichopewa, si alichofuata.

Tajiri akamuuliza atalipa kwa kitu gani. Mume wangu akajibu kwamba atalipa kwa kodi ya vyumba vinne.

"Vyumba viko wapi?"

"Vitakuwepo ukitupa mabati."

Tajiri akacheka, si kwa ubaya. Akasema atahesabu kodi ya vyumba viwili tu. Mpangaji huhama, mpangaji huugua, mpangaji hunywa mshahara wake wote pombe, kwa hiyo vile viwili vingine yeye anaviona vitupu tangu leo. "Na hivi viwili navyo vikikosa kodi, una nini kingine?"

Mume wangu akanitazama. Yeye hakuwa na kingine. Mwenye nacho nilikuwa mimi: shamba la Mbekenyera, aliloniachia mama, na mama aliachiwa na mama yake. Kwetu sisi Wamwera ardhi hupita upande wa wanawake. Mume hulilima shamba na kula mazao yake, lakini si lake. Mama alikuwa amelipanda mikorosho. Mkorosho wa kwanza kabisa, ulio karibu na kisima, aliupanda mwaka alioniachisha ziwa, na korosho za mti ule niliziokota mwenyewe. Sikumruhusu mtu mwingine, hata mume.

Kuliweka rehani bila idhini ya mjomba, mkubwa wa ukoo, haikuwezekana. Alikuja kutoka Nanganga, akala, akanywa maji, akasikiliza. "Mpwa wangu," akasema, "hili shamba si langu wala si lako. Ni la binti zako. Likipotea, utakayewaeleza ni wewe." Kisha akakubali. Nadhani na yeye alitamani kuwa na pa kufikia mjini penye bati. Tukapatana na tajiri mbele ya mashahidi: kodi ikikatika, shamba linaingia mikononi mwake mpaka deni liishe. Hilo neno "mpaka" nililirudia kichwani siku nyingi, maana halikutaja mwaka.

Tajiri alitaka pia awaone hao wapangaji kwa macho yake. Mume wangu akaenda kambini, akarudi na vijana wanne, wanacheka tangu mlangoni. Mbele ya tajiri kila mmoja akasema ndiyo, atapanga. Tajiri akaridhika. Mimi nilipowasikia wanavyozungumza, moyo ukanishuka. Wote wanne walikuwa Wangoni wa Songea.

Wangoni ni watani wetu. Zamani babu zao waliwapiga babu zetu, na vita vilipokwisha vikageuka utani. Mtani atakutukana, atachukua kuku wako mbele ya macho yako, na wewe ukikasirika unatozwa faini. Lakini ukifiwa, mtani ndiye atakayechimba kaburi. Sasa mtu wa namna hiyo unamdaije kodi?

"Umekosa watu wengine mji mzima?" nikamuuliza mume wangu.

"Watani ndio wazuri," akasema. "Nyumba itachangamka."

Ilichangamka kweli. Mwezi wa kwanza walilipa wote. Wa pili walilipa wawili. Nilipokwenda kuwadai waliobaki, mmoja aliyekuwa mrefu kuliko wenzake akasimama mlangoni kwa heshima zote.

"Mtani, babu yako alipomkimbia babu yangu aliacha nyumba nzima, na kuku ndani. Hakurudi hata siku moja kudai kodi. Wewe tabia hii umeirithi kwa nani?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikasirika, tena nikakasirika mbele ya majirani, wakanitoza jogoo. Jogoo wangu akaliwa ndani ya nyumba yangu na watu wasionilipa kodi, na mume wangu akapewa paja.

Nililia siku ile, nasema kweli. Nililiona shamba la mama linaondoka huku watu wanacheka. Kisha nikajiambia, kama utani unampa yeye ruhusa, na mimi unanipa. Siku ya mshahara nikaingia vyumbani mwao wakiwa kazini, nikabeba baiskeli, blanketi, masufuria, na suruali ya sikukuu ya yule mrefu. Nikaviweka vyote kwenye baraza ya tajiri, nikakaa juu ya blanketi. Vya kuchukuliwa na mtani havidaiwi kwa ugomvi, hukombolewa. Walikuja wanapiga vigelegele kama wanawake, wakakomboa kila kitu kwa kodi, moja kwa moja mkononi mwa tajiri. Tangu hapo kila mwezi ikawa hivyo, na mji ukawa unakuja kutazama.

Lakini utani hauzuii kazi kwisha. Karanga hazikuzaa kama walivyotarajia Wazungu wenyewe, matrekta yakaanza kusimama, vibarua wakapunguzwa. Mume wangu akaachishwa, na wale wanne pia. Kila mtu mjini alikuwa na chumba cha kupangisha, na wa kupanga hakuna. Tajiri hakuja kwa matusi. Aliniuliza tu msimu wa korosho Mbekenyera unaanza lini.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu tuezue mabati tumrudishie. Tajiri alikuwa ameniambia atayapokea yamalize deni, kwa kuwa hayajapata kutu. Mume wangu alikaa kwenye kizingiti alichokichonga mwenyewe, akainamisha kichwa. Nilimhurumia sana, na sikubadili neno.

Walioezua ni wale watani. Walikuwa wameshafunga mizigo ya Songea, lakini waliposikia, wakapanda juu ya paa.

"Nyumba imekufa," yule mrefu akatangaza kutoka juu, "na maziko ni kazi yetu. Wafiwa kaeni chini!"

Waliteremsha mabati yote bila kupinda hata moja, wakayabeba mpaka dukani. Tajiri akayapokea mbele ya mashahidi walewale, na rehani ikaisha. Ada yao ya maziko, wakasema, ni kodi ya mwezi waliobakiza. Nikawasamehe. Yule mrefu alipoagana na mume wangu hakumtania. Alimshika mkono tu.

Tulirudi Mbekenyera korosho zikiwa zimeanza kudondoka. Tangu Nachingwea nilikuwa nimemwandalia mume wangu maneno: ya shamba la watu, ya vyumba vinne, ya paja la jogoo. Asubuhi ya kwanza alisimama ukingoni mwa shamba na kikapu chake, hajui aanzie wapi, kama mgeni. Nikayatafuta yale maneno, nikayaacha. Nikamwambia aanze na ule mkorosho wa karibu na kisima.