Baba Wote Waliitwa Musafiri

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya afya, msinicheke kwa herufi zangu. Nilimaliza darasa la sita tu, na mkono wangu ni mzito tangu utoto. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Mahali nilipokosea maandishi, someni kwa sauti, mtasikia nilichotaka kusema. Kwa ubaya wa mwandiko wenyewe sina dawa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiberiti. Kituo chetu cha afya kilikuwa Kindu, ng'ambo ya mto Lualaba, upande usio na stesheni ya treni, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Muuguzi mwenye kukiongoza tulimwita Titileri, kwa kuwa ndicho cheo chake kwa Kifaransa. Alikuwa mtu mfupi, na miwani yake ilishikwa kwa uzi upande mmoja. Hakuniuliza jina. Alinipeleka mbele ya frigo, jokofu la mafuta ya taa.

"Piga magoti. Washa."

Nikawasha.

"Moto iko rangi gani?"

"Ya manjano, Shefu."

"Basi umekwisha kuua watoto. Zima."

Kisha akanieleza polepole. Moto wa manjano hutoa masizi, masizi huziba bomba la moshi, frigo hupata joto, na chanjo hufia ndani ya chupa bila kubadilika rangi. "Nyama ikioza utasikia harufu," aliniambia. "Chanjo ikikufa, utaidunga na utarudi kwako na furaha." Moto mzuri ni wa buluu. Kwa majuma mengi kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kukata utambi, kusafisha bomba na kuangalia buluu.

Baadaye nilijifunza glasieri, yaani sanduku la kubeba chanjo begani pamoja na vipande vya barafu. Nilijifunza kwamba chanjo ya surua ni unga, huchanganywa na maji yake, na baada ya saa sita inayobaki hutupwa hata kama chupa ina nusu. Mwaka wa pili Titileri akanifundisha kudunga. Hayo yote hayakunishinda. Kilichonitesa ni rejista, kile kitabu kikubwa chenye safu: jina la mtoto, umri, jina la mama, jina la baba. Nilikuwa naandika polepole, na nilikuwa mwenye haya sana. Kumwuliza mama wa mtu swali mbele ya watu kulinitoa jasho kuliko kupanda mlima na glasieri.

Vita vilipotufikia, vijiji vya kando ya barabara vilibaki nyumba tupu. Watu waliingia porini. Walioingia huko hawakuwa tena katika karatasi yoyote, si yetu wala ya mtu mwingine. Siku moja mama mmoja aliyekuja kutafuta chumvi alituambia kwamba kuna kambi porini, mwendo wa nusu siku, na surua imeingia humo. Titileri alikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, hakuweza kumwacha. Aliniwekea glasieri begani.

"Utaenda wewe. Andika vizuri. Ripoti isiyo na majina njo kama kazi haikufanywa."

Nilikwenda na neno hilo kichwani.

Kambi ilikuwa vibanda vya majani kando ya kijito. Wanawake walifurahi kuniona, wakapanga mstari na watoto wao. Nilikaa juu ya gogo, rejista magotini, nikaanza kama nilivyofundishwa. Mtoto anaitwa nani? Ana umri gani? Mama? Baba?

"Musafiri," alisema mama wa kwanza.

Kwetu Maniema mnajua, Musafiri ni jina la watu. Nimesoma na akina Musafiri wawili. Nikaandika. Nikamdunga mtoto wake. Mama wa pili naye akasema Musafiri. Wa tatu hivyohivyo. Nilifikiri labda ni ndugu. Nilipofika wa kumi na mbili, safu nzima ya baba ilikuwa neno moja, nami nilianza kuwaza Titileri atasema nini.

Mbele yangu akafika mwanamke mrefu waliyemwita Mama Zaina. Alimshika mkono binti yake Zaina, mtoto wa miaka minne hivi, na mgongoni alikuwa na Hamisi, aliyekuwa ameanza kusimama. Nilimwuliza baba. Akajibu kama wenzake.

Mimi mtu wa haya, siku hiyo nikataka kuonekana mkubwa. Nikafanya mzaha. "Huyu Musafiri njo mume wa kambi nzima? Musafiri gani huyu? Iko wapi sasa?"

Hakuna aliyecheka.

"Unamutafuta wa nini?" aliuliza Mama Zaina.

"Kwa kuandika tu, Mama."

"Wale wa bunduki pia walisema kwa kuandika tu."

Alimvuta Zaina, akaingia kati ya miti. Waliokuwa nyuma yake wakamfuata, mmoja mmoja, bila kelele. Nilibaki juu ya gogo na chupa iliyokwisha kuchanganywa. Niliita, "Mama, rudini, sitauliza tena!" Hawakurudi. Saa sita zilipopita nikamwaga chanjo chini.

Kesho yake nikarudi. Penye kivuko cha mto mdogo, ambapo wakati wa kwenda sikukuta mtu, palikuwa na kizuizi cha watu wenye bunduki. Mmoja alifungua glasieri, akaona barafu, akafunga. Mwingine alichukua rejista, akapitisha kidole juu ya safu ya mwisho.

"Musafiri, Musafiri, Musafiri. Wewe kijana, unatucheka?"

"Hapana, Shefu. Njo vile walinijibu."

"Na wanaume wako wapi?"

"Sikuona hata mmoja."

Ilikuwa kweli, sikumwona hata mmoja. Alinitupia kitabu kifuani, nikapita. Mbele kidogo nikakaa chini. Ndipo nilipoelewa. Wale mama hawakunipa jina la mtu. Walinijibu kwamba baba amesafiri, hayupo, usimtafute. Nami nilikuwa nimeandika jibu lao kwa herufi kubwa kama jina la ubatizo. Kama wangeniamini na kunipa majina ya kweli, mimi mwenyewe ningeyapeleka hadi kizuizini, nimeyabeba begani.

Titileri aliposoma rejista alivua miwani.

"Ripoti hii watu wa Zone wataitupa." Zone ni ofisi ya afya iliyokuwa juu yetu, yenye Daktari Mkuu wake. "Rudi uwaulize majina ya kweli. Kama hawataki, wataona wenyewe na surua yao."

Sikuwahi kumjibu Titileri neno zaidi ya ndiyo. Nilijibu nikiangalia sakafu. "Shefu, sitauliza. Kitabu kilisomwa kizuizini kabla ya kufika kwako. Nikiuliza tena watakimbia mbali zaidi, na Mama Zaina iko na watoto wawili ambao sikuwadunga."

Nilidhani atanifukuza kazi. Kisha alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka juu hadi chini katikati ya safu ya baba, akaweka sahihi yake kando.

"Daktari Mkuu akiuliza, mukosaji ni mimi. Tutaandika mama, tena kama anavyoitwa na wenzake. Nenda."

Lakini kivuko kile kilikuwa kimefungwa na wenye bunduki, na kikabaki hivyo siku kumi na moja. Kila siku niliwasha moto wa buluu, nikaangalia upande wa pori.

Nilipofika kambini, nilisimama mbali, nikafungua rejista na kumwonyesha bibi mmoja mstari ule mwekundu. Hakujua kusoma, ila alielewa kilichokatwa. Akaenda kuwaita. Walikuja kidogo kidogo. Mama Zaina alikuja mwishoni na Hamisi mgongoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu.

Sikuuliza. Aliona macho yangu yanatafuta.

"Ilimuanza na kukohoa," alisema. "Siku tano tu."

Nilimdunga Hamisi mkono wa kushoto. Nikachukua kalamu na kuandika jina lake na umri. Kwenye safu ya mama kalamu ilisimama. Sikujua kama bado ninaruhusiwa kumwita kwa jina la mtoto. Yeye akaniangalia nikikawia hivyo, akadhani ni uzito wa mkono wangu tu.

"Andika Mama Zaina," alisema. "Zaina. Unajua kuiandika?"

"Najua, Mama."

Nikaandika. Hamisi hakupatwa na surua, alikua, nimemwona kwa macho yangu akivuka Lualaba na mzigo wa mihogo. Sikuwahi kumwambia kwamba dada yake alisimama mbele yangu na chupa ikiwa wazi.

Baada ya vita nilitumwa mahali paitwapo Tunda, kwa wakulima. Daktari Mkuu wa huko alitaka tungojee watu kituoni. Nilimwomba nichanje siku ya soko, penye wauza mchele. Alisema, "Wewe unauza chanjo kama samaki?" Nikasema, "Ndiyo, Daktari, hata samaki hufuata watu sokoni." Alicheka, akanipa siku moja kwa juma. Kutoka huko nilipelekwa upande wa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mama anaweza kuhama mashimo matatu kabla mtoto hajaota jino. Huko nilijifunza kuwauliza wauza chai, kwa sababu wao njo wanajua nani amefika jana. Nilirudi Kindu nikiwa na mvi, na hapo nikapumzika.

Siku hizi wachanjaji wana pikipiki, na frigo ya jua isiyohitaji kiberiti. Ninafurahi. Lakini juzi binti mmoja anayefanya kazi machimboni alikuja kunisalimu. Aliniambia, "Papa, tunaandika watoto ndani ya simu. Usipojaza jina la baba, simu inakataa kuendelea. Na kule wamama wengi hawataki kulisema. Nifanye nini?"

Nilimwambia adunge kwanza, simu atagombana nayo baadaye. Sijui kama ni shauri zuri, kwa kuwa mkubwa wake simjui na simu hizo sizijui. Tangu siku hiyo ninalala na swali lake.

Basi ninyi mlio Kama, Tunda, Kabambare na porini kwingine, niandikieni. Andikeni hata kwa mwandiko kama wangu, nitausoma polepole, siku hizi sina haraka. Msiniandikie wangapi mmechanja, hesabu hizo pelekeni Zone. Niandikieni habari za mama yule aliyegeuka na mtoto wake kabla hamjamfikia: mlimwambia neno gani, alikwenda njia gani, na ninyi mlimfuataje.