Mama Gia na Serahangi Wake

Mume wa Mama Gia alikuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha katika meli za mizigo, na kwa kupiga chuku hakuwa na mpinzani. Akirudi likizo, sebule nzima ilijaa mawimbi na bandari za ng'ambo. Safari za mkewe, aliyeendesha lori la tela kupeleka unga na dawa miji ya ndani, alizimaliza kwa neno moja: "Huko si hapo tu?" Mama Gia alicheka pamoja na wageni, lakini lilimchoma. Zawadi za ng'ambo hakuzitaka. Alitaka mume huyu aione kazi yake walau siku moja, na aiite kazi.

Ugonjwa ulipofunga mipaka, meli iliondoka bila Serahangi. Kwa miezi mitatu aliikagua nyumba kama sitaha. Siku alipoyafunga masufuria kamba rafuni ili yasianguke, Mama Gia aliona sasa yamezidi. Bahati nzuri au mbaya, utingo wake alikuwa amewekwa karantini. Akamwomba bosi mumewe ashike nafasi hiyo, bosi akakubali.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri," akamwambia mumewe. "Chukua barakoa na maji. Mdomo uache nyumbani."

"Nimevuka bahari zote mimi, mama watoto. Barabara itanifanya nini?"

Barabara ilimfanya. Kona ya nne ya mlima, baharia ambaye dhoruba hazikuwahi kumtapisha aligeuka rangi ya majivu, akatapika ndani ya mfuko wa mkate. Mama Gia alisimamisha gari, akampa maji, akamsugua mgongo huku akijizuia kucheka, mpaka akashindwa.

Kwenye mteremko hakucheka tena. Tani ishirini na nane zilikuwa zinawasukuma kwa nyuma, na mbele yao basi lilikuwa limezimika katikati ya kona. Pembeni, korongo. Mama Gia hakukanyaga breki kwa pupa, maana breki zikipata moto hazina undugu na mtu. Alishusha gia, akashusha nyingine, injini ikanguruma, naye akagusa breki na kuachia, akagusa na kuachia, mikono imetulia kwenye usukani. Lori likasimama. Kati yake na basi palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita, tena awe mwembamba. Serahangi aliiachia dashibodi, kidole kimoja kimoja.

Basi lilipoondolewa, walishuka hadi kwenye kizuizi cha ukaguzi. Askari alichungulia dirishani, akampita Mama Gia kwa macho kama kawaida yao.

"Mzee, leseni yako."

Mama Gia alishazoea. Alinyoosha mkono kuchukua leseni yake, lakini mumewe akamtangulia kusema.

"Mimi utingo tu, afande. Dereva ni huyu mke wangu. Ana miaka kumi na minane na miezi minne kazini, na hajagonga hata kuku."

Mama Gia aliganda, leseni mkononi. Alidhani miaka hiyo anaihesabu peke yake. Kumbe mtu huyu, asiyekumbuka hata tarehe za kuzaliwa za wanawe, alikuwa anaijua mpaka miezi! Fahari ilimpanda kifuani mpaka machoni.

Askari aliichukua leseni, akaisoma, akairudisha, akainua kizuizi. Mama Gia akatia gia ya kwanza na kuondoka polepole sana, kwa sababu barabara alikuwa haioni vizuri.