Samaki wa Halima na Maji ya Wageni

Kila nikifungua chupa ya dawa ya maji, ile ya kutia matone kwenye mtungi, harufu yake hunipiga puani na aibu hunipanda hadi masikioni. Wengine harufu hiyo huwakumbusha hospitali. Mimi hunikumbusha samaki. Ngoja niwaeleze, na mkinidharau sitawalaumu.

Nililelewa na nyanya yangu hapa Mwingi. Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu. Susu wangu alikuwa na mdomo mkali na uchoyo wa kitu kimoja tu, maji. Kwake maji yalikuwa na vyeo. Ya kisima, yenye chumvi, yalikuwa ya kufua; yakishafua yanapiga deki, yakishapiga deki yanaenda kwa sukuma wiki. Ya mvua, yaliyokaa kwenye pipa, yalikuwa ya kupikia. Juu ya yote, kwenye mtungi mweupe wenye kifuniko, kulikuwa na maji ya kunywa yaliyotiwa dawa, na hayo tuliyaita maji ya wageni, maana pasta akija ndiyo alipewa. Mtu akisema maji yakimwagika hayazoleki, Susu alimjibu, "Yanazoleka. Ni nyinyi wavivu."

Darasa la tano nilikaa dawati moja na Halima. Baba yake aliuza spea za malori kando ya barabara ya Garissa, na juu ya kaunta aliweka tangi la kioo lenye samaki wa rangi, wakubwa kwa wadogo. Nilipenda gapi, wale wadogo wenye mikia kama leso. Gapi hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo, na ole wao! Samaki wakubwa huwameza, na hata mama yao akiona njaa hajali. Halima alikuwa akiwawinda kwa chujio la chai kabla hawajaliwa, na mara ile, baada ya kupoteza vizazi viwili, aliokoa kumi na wanane.

Idd ikakaribia. Familia yao ilikuwa inaenda Garissa wiki nzima na duka linafungwa. Halima akaja kwetu na beseni, akitembea kama aliyebeba uji wa moto, majani yakielea juu ili watoto wajifiche.

"Usiwabadilishie maji, Mutheu," akaniambia. "Yakipungua ongeza ya pipa, kidogo kidogo. Na wasife, tafadhali. Hawa ndio nimebaki nao."

Niliapa kwa jina la Yesu. Nilikuwa mtoto wa Sunday school.

Nikawalisha kiini cha yai kama watu wa harusi. Siku ya nne maji yaligeuka kijani, yakanuka. Jumapili asubuhi niliyatazama nikaona haya. Wageni wa watu wanakaa kwenye uchafu! Na ya pipa yalikuwa na viluwiluwi vya mbu. Basi nikafanya alivyofanya Susu mtu wa maana akija. Nikafungua mtungi mweupe, nikachota jagi zima, nikamwaga yale machafu na kuwawekea yaliyo safi. Halafu nikaongeza matone matano ya dawa, wasije wakaharisha. Nikaenda kanisani nikaimba kwa nguvu zote.

Niliporudi walikuwa wanaelea, weupe, kama punje za mchele. Wote. Niliwamwaga kwenye sukuma wiki na kuliosha beseni mara tatu.

Halima alirudi na tende za kutuzawadia. "Wako wapi?" Susu alikuwa mlangoni akipepeta ndengu kwenye ungo. Sijui ulimi wangu uliagizwa na nani.

"Susu aliwamwaga. Alifikiri ni maji machafu."

Jamani. Ungewaambia watu wa Mwingi nzima kwamba Susu ameiba mbuzi, wangebishana. Lakini kumwaga maji? Ungo ukasimama. Akanitazama, nami nikangoja kofi.

"Ni kweli," akasema kwa Kiswahili chake cha kuunga. "Macho ya mimi imezeeka. Ni mimi namwaga. Nisamehe, mama."

Akainuka, akamshika Halima mikono yote miwili, akainamisha kichwa mbele ya mtoto wa miaka kumi. Halima akalia. Nami nikalia, wakadhani nalilia samaki.

Tangu siku hiyo Susu akipita dukani, baba Halima alimtania, "Susu, leo umemwaga nini?" Naye alicheka, miaka nenda miaka rudi. Mimi, kwa ujinga wa utoto, niliamini uzee umemchanganya na kweli anadhani ni yeye. Nilimshukuru Mungu kwa hilo! Mara kwa mara, akitia dawa kwenye mtungi, aliniuliza, "Mutheu, hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna, Susu."

"Haya. Funika mtungi."

Nilipopata nyumba na mtungi wangu ndipo nilipojua. Harufu ya ile dawa haitoki kwenye beseni la plastiki kwa siku moja. Na mwanamke aliyejua maji yake kwa kikombe asingekosa kuona jagi zima limepungua. Alijua hata kabla Halima hajafika. Alinisitiri, kisha akaniachia mlango wazi, na mimi kila mara nikaufunga.

Tulimzika mwaka juzi. Halima alikuja na wanawe, akapewa maikrofoni. "Huyu ndiye mtu mzima wa kwanza kuniomba msamaha," akasema. "Nilikuwa mtoto, na ilikuwa samaki tu. Leo nikiwakosea watoto wangu, nawaomba msamaha kwa sababu yake." Watu wakasema amina. Akanipa maikrofoni, akaniwekea mkono begani.

Nilimshukuru Halima kwa maneno mazuri. Nikasema Susu alipenda maji yake, watu wakacheka, nikampa pasta maikrofoni. Jeneza lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na safari hii hakukuwa na wa kuniuliza.