Dawa ya Kuamsha Nyumbani kwa Bitutu

Bitutu alitoka Kisii akiwa bibi harusi, akauza ndizi sokoni Ndhiwa hadi watu wakasahau kwamba si mzaliwa wa hapo. Ni Msabato kamili. Ijumaa kabla jua halijazama, chakula kimeiva, viatu vimepigwa rangi na kuni zimo ndani.

Mumewe, Motari, ana saratani ya mifupa. Morfini ya maji ndiyo inayomwezesha kuketi na kutaniana na wageni. Kifua chake kilipoanza kusumbua, muuguzi wao, Pauline, alileta dawa nyingine, ya kunyunyizia puani.

"Morfini ikimzidi, pumzi hufifia. Hii humwamsha."

Bitutu hakuipokea. "Sista, hiyo si ya kuwaamshia watu waliozidisha mihadarati? Huyu ni mzee wa kanisa."

"Mapafu hayajui uzee wa kanisa, mama. Sikufichi, ukiitumia maumivu yatarudi. Na nguvu yake huisha upesi, kwa hiyo ni lazima umfikishe hospitali."

Mokeira, dada yake Motari, alicheka. "Wifi, chukua. Tutawaambia wageni kaka yangu anavuta unga."

"Afadhali," Motari akasema. "Watajua nina pesa."

Bitutu alipima aibu na pumzi, akaichukua, kisha akaificha sandukuni chini ya nguo. Hapo alikosea, nami simtetei. Kinga iliyofichwa haimkingi mtu.

Tena Ijumaa moja alimimina morfini yote ya Sabato katika kikombe kimoja, ili siku takatifu asifanye kazi ya kupima. Asubuhi akaenda kanisani. "Dawa imo kikombeni," alimwambia Mokeira, bila kueleza zaidi. Mokeira akamsimamia kaka yake hadi akamaliza yote.

Mahubiri yalikuwa yakiendelea Mokeira alipotokea mlangoni mwa kanisa, miguu mitupu.

"Wifi, haamki. Ile dawa uliiweka wapi?"

Bitutu alikimbia. Motari alikuwa akikoroma mara moja moja, pumzi ikikawia kati ya mkoromo na mkoromo, midomo imegeuka kijivu. Alizitupa nguo za sandukuni sakafuni hadi akaipata dawa. Akamnyunyizia puani, akamlaza ubavu, akamwita kwa jina. Pumzi ikarudi, kisha macho yakafumbuka.

"Nani amenirudishia maumivu yangu?"

"Mimi. Utanitukana tukifika hospitali ya Homa Bay."

Jirani aliwapeleka kwa gari lake. Hospitalini Motari alichungwa hadi hatari ikapita, akarudishiwa morfini kwa kipimo chake.

Wapo wanaosema kumwekea mgonjwa dawa hiyo ni kumtuhumu kwamba anatumia mihadarati. Hapana. Anayefunga mlango usiku hamtuhumu jirani.

Sasa dawa ya kuamsha ina kifuko chake msumarini, kando ya kalenda ya kanisa, na morfini hupimwa kila saa yake ikifika. Sabato iliyofuata Wangwe, mzee wa kanisa mwenzake Motari, alikuja kukaa na mgonjwa, akamkuta Bitutu na kijiko mkononi.

"Mama, unapima dawa leo?"

"Napima, mzee. Na ile ya msumarini uione vizuri. Mimi naenda kanisani, wewe ndiye utakayebaki naye."